Mangi Hakuacha Rahani

Kitu cha kwanza alichokiona Koplo Evarista ni mahali pasafi.

Skuta ilikuwa imelazwa uani mwa kituo cha polisi, chini ya madirisha ya mahabusu, rangi yake ya kijani ikiumiza macho. Usukani ulikuwa umepinda na taa ya mbele inaning'inia kwa waya. Vumbi la Kariakoo lilikuwa limeingia kila tundu. Lakini katikati ya ubao wa kukanyagia palikuwa na umbo la pembe nne lisilo na vumbi hata chembe. Alama za soli zilikuwa pembeni tu, kulia na kushoto, vidole vikitazama nje.

Aliyeiendesha alijipanua kama mtu anayevuka mfereji. Katikati ya miguu yake kulikuwa na mzigo.

Evarista alichuchumaa, akapima pale pasafi kwa kiganja, urefu na upana. Hakumwita mtu aje kuona. Kituoni hapo watu walikuwa wakimuuliza chai iko wapi, basi.

"Eva! Unacheza na panzi?"

Inspekta Ansbert alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni, tumbo limetangulia.

"Naangalia, afande."

"Unaangalia nini? Kidude kimefunguliwa kwa simu ya Beno. Beno tunaye ndani. Saa nane karandinga la mahabusu linakuja, anakwenda kusomewa shtaka, halafu gerezani Keko. Kuna kitu kigumu hapo?"

"Hapana kitu, afande."

"Basi ingia ndani. Yule kijana wa kampuni amefika na maneno yake."

Panzi ndilo jina ambalo Kariakoo ilizipa skuta za umeme za kampuni ya Teleza, kwa sababu ya rangi, na kwa sababu kila shimo ziliruka. Zilizinduliwa kwa tarumbeta na fulana za bure. Mtu alisimama jukwaani akasema foleni imekwisha. Zikapangwa kwenye mitaa ambayo mtu mwenye mfuko mmoja hupita ubavu ubavu, kati ya mikokoteni, wamachinga na wabeba mizigo wanaopiga kelele za "pisha, pisha". Hazikumaliza wiki kabla watu hawajazipatia kazi. Wa mitumba walitundika suruali kwenye usukani. Mwenye chapati aliegemeza meza yake. Wengine walizikalia tu, wakipiga soga, maana zilikuwa na kivuli kizuri cha ukuta. Walioziendesha kweli walijulikana kwa magoti yaliyochubuka.

Jana asubuhi mmoja wao alimgonga Mama Celina, mwuza mihogo ya kukaanga wa Mtaa wa Kongo. Karai la mafuta lilipinduka. Mama Celina alivunjika nyonga na kuungua mguu. Watu walipokuwa wakimtoa kwenye mafuta, mwendeshaji alizoa mzigo wake akapotea. Mashahidi walijaa kituoni mpaka kiti kikakosekana, na kila shahidi alimwona mtu wake. Mmoja alisema mrefu. Mwingine akasema mfupi, mweusi, ana kofia. Wa tatu aliapa kwamba alikuwa Mzungu.

Allan, meneja wa Teleza, aliketi kwenye kiti cha wageni bila kuegemea, kama kiti kitamchafua. Alikuwa na fulana ya kijani yenye maandishi "Jiji Lako, Mwendo Wako".

"Mfumo wetu uko wazi," alimwambia Evarista. "Skuta imefunguliwa na Beno. Mfumo haudanganyi."

Evarista aliinamia karatasi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi Allan asogee.

"Mfumo ulimwona?"

"Uliona akaunti yake."

"Akaunti ina miguu?"

Allan alimtazama kuona kama anataniwa. "Dada, mtu akifungua, ndiye mwendeshaji. Iko kwenye masharti. Haruhusiwi kumfungulia mwingine."

"Na wanafunguliana?"

"Watu wetu bado, dada. Ukiwapa kitu cha kisasa wanakianikia nguo. Sisi tunaleta usafiri wa mji, wao wanaona kabati." Alipangusa kioo cha simu yake kwa kidole. "Kwa hiyo kampuni haihusiki. Naomba hilo liandikwe."

"Wewe umewahi kupita nayo Mtaa wa Kongo?"

"Mimi?" Allan alicheka. "Mimi nina gari."

Evarista aliandika kwamba ana gari.

Beno alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa kijana mwembamba wa Magomeni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakusimama Evarista alipoingia.

"Dada askari, umeleta chai au maswali?"

"Maswali."

"Mnayo mengi. Chai ndiyo hamna."

"Kazi yako pale Kariakoo ni nini?"

"Nifungulie."

"Nikufungulie nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe, inaitwa Nifungulie." Beno alitikisa kichwa kwa kumsikitikia. "Kuna watu wana simu ya kitochi. Panzi hataki kitochi, anataka simu ya kupangusa. Mtu anakuja, 'Beno, nifungulie.' Namfungulia kwa simu yangu, anakwenda zake, anarudi. Lakini lazima aache rahani, asije akanitoroka."

"Rahani gani?"

"Chochote anachokipenda kuliko panzi wangu. Funguo za fremu ya duka. Viatu. Kuna mmoja aliniachia kuku mzima, akachelewa, kuku akanipigia kelele kutwa. Mwingine meno ya bandia. Kweli tena."

"Na wa jana?"

Beno alikwaruza sakafu kwa ukucha.

"Kwenye maelezo umesema ulimfungulia mtu anaitwa Mangi," Evarista alisema. "Niliandika mwenyewe. Mangi aliacha nini?"

"Hakuacha kitu."

"Kwa nini?"

"Mtu ninayechukua unga kwake kila siku, nikikwama ananiandikia deni, nimwombe rahani mimi? Si ataninyima hata kiberiti?"

"Ni Mangi gani?"

Beno alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Dada, jana nilisema. Nimesema mbele yake. Wewe uliandika. Sasa mnanichezea kama mpira."

"Mbele ya nani?"

"Nenda, bwana. Mwambie Mangi nimemsalimu."

Nje ya mlango viatu vilisimama. Inspekta aliita, "Eva! Mangi wamefika. Mlete Beno."

Walikuwa watatu kwenye benchi la kaunta, wote wenye maduka ya Kariakoo, wote Wachaga wa Kilimanjaro, wamevuliwa mikanda na kunyang'anywa simu. Inspekta aliwakusanya kama mtu anayeokota nazi, kwa sababu neno Mangi, jina wanaloitwa Wachaga wenye maduka, lilikuwa kwenye maelezo na wao ndio Mangi wa karibu. Mkubwa wao aliitwa Athanas, mwenye duka la jumla, mzito, anayepumua kwa nguvu na kuchechemea mguu wa kushoto.

"Huyu anachechemea," Inspekta alisema, akimwonyesha kwa kidevu. "Umeanguka na nini, Mangi?"

"Nimeanguka na nyama choma, afande. Ni gauti. Daktari amenikataza, mke wangu amenikataza, nimewakatalia wote."

"Usinifanyie mzaha. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu, napakua lori na watu. Waulize. Afande, nitazame vizuri. Mimi nikipanda panzi, panzi anabaki?"

Mmoja wa askari alicheka akajifanya anakohoa. Beno aliletwa, akasimamishwa mbele ya benchi.

"Mangi wako yupi hapa?" Inspekta aliuliza.

Beno aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. Kisha alimtazama Inspekta, akamtazama Evarista, akatazama sakafu.

"Hawa siwajui."

"Umesikia, Eva? Andika." Inspekta alikuwa ameridhika. "Alitaja Mangi. Tumemletea Mangi. Amewakataa. Maana yake Mangi hayupo. Maana yake ni yeye. Ndivyo upelelezi unavyokwenda."

"Ndiyo, afande," Evarista alisema, akaandika.

Inspekta aliporudi ofisini kwake, Evarista alibaki na Athanas kaunta. Alimrudishia mkanda wake, akasita.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba, mwanangu. Hatimaye mtu mwenye adabu."

"Boksi la bidhaa za dukani, tuseme la sabuni za miche, lina upana gani?"

Athanas alimkazia macho. Kisha akanyoosha mikono, akaonyesha urefu hewani, akaonyesha upana. Mikono ya mwenye duka haikosei. Evarista aliweka kiganja chake kati ya mikono hiyo, akapima. Vipimo vilikuwa vile vile vya uani.

"Unataka kununua?"

"Mtu wa jana alibeba boksi kama hilo. Ni mwenye duka."

"Mwenye duka anunue boksi moja?" Athanas alikunja midomo kwa dharau. "Huyo ana kibanda cha pembeni, cha kupimia watu sukari kwa kijiko. Mwenye duka kamili analetewa mzigo kwa gari. Na nikwambie lingine, maana bosi wako ameona jina akaona Uchaga. Siku hizi Mangi si mtu wa kwetu tena. Kila anayesimama nyuma ya kaunta mji huu ni Mangi. Mtaani kwangu yuko Mpemba, mtu wa dini, anaitwa Mangi asubuhi hadi jioni na anaitika. Tumepokonywa jina, na leo tunalazwa benchi kwa ajili yake."

"Sasa yupi?"

"Kijana anakaa wapi?"

"Magomeni."

"Basi mnatafuta nini Kariakoo? Mangi wa mtu ni yule anayemkopesha chumvi."

Evarista aliangalia saa ya ukutani. Karandinga lilikuwa bado. Mtu akishaingia Keko kwa kosa la kumgonga mama na kukimbia, kesi hukaa, mafaili hupotea, na akitoka mtaa unakuwa umeshamsahau. Aliaga kwamba anakwenda kula.

Nyumba aliyopanga Beno ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Mpangaji mwenzake, Zulekha, alikuwa amekaa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso mpaka kivuli cha Evarista kilipofika kwenye mchele.

"Umenizibia mwanga, dada."

"Samahani. Nimetokea kituoni. Ni mambo ya Beno."

"Mmeshampiga?"

"Bado."

"Bado!" Zulekha alipeperusha ungo, makapi yakamwangukia Evarista miguuni. "Kijana yule anabebea maji bibi vizee wa hapa. Mmeacha wezi wa nyaya, mmemkamata Beno."

"Nataka kumtoa. Hapa mnanunua unga kwa nani?"

"Kwa Mangi."

"Mangi yupi?"

"Kwani wako wangapi? Kile kibanda cha bluu." Alionyesha kwa mdomo. "Ila asikudanganye mtu, huyo si Mangi wa kweli. Ni Mngoni wa Songea. Mangi wa kweli anakuongezea. Huyu anakupimia mchele anahesabu punje. Asubuhi yupo mwenyewe, baadaye anamwachia mkewe, anakwenda kwenye kazi yake ya serikali."

"Kazi gani?"

"Hajatuambia. Anajiona. Ukimuuliza anajibu 'ofisini'. Nani asiye na ofisi?"

Evarista alimshukuru, akavuka barabara ya vumbi.

Nyuma ya wavu wa kibanda cha bluu alikaa mwanamke mnene mwenye kitenge, anajipepea na kifuniko cha boksi. Evarista alimfahamu kabla hajafika. Walishakaa pamoja kwenye kikao cha harusi ya askari mwenzao, na siku ya sherehe waliosha vyombo beseni moja. Aliitwa Fortunata. Alikuwa mke wa Inspekta Ansbert.

"Eva! Karibu, mdogo wangu! Kuna nini, mume wangu mzima?"

"Mzima, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umenishtua. Amekutuma?"

"Nimepita tu."

Kituoni wote walijua kwamba Afande ana duka mahali. Wapi, hakuna aliyeuliza. Mkubwa akisema anakwenda kikaoni wakati wa kazi, aliyebaki hutazama pembeni na kusema ndiyo, afande. Jana asubuhi pia alikwenda kikaoni.

Mtoto alisogea dirishani na kopo. "Mama Mangi, nipe mafuta ya robo." Fortunata alimpimia, akamfukuza nzi, akarudi kwenye stuli yake.

Evarista alikuwa akitazama rafu ya chini. Kulikuwa na boksi la sabuni za miche. Kona yake moja ilikuwa imebonyea, na kwenye mbonyeo kulikuwa na mkwaruzo wa rangi ya kijani, kijani cha kuumiza macho.

"Sabuni mpya?" aliuliza.

"Mpya gani! Jana kaniletea zimevunjika. Ati kateleza kwenye ngazi huko Kariakoo. Kiganja cha kulia kimechubuka chote, hata kijiko hashiki. Nikamwambia, mtu mzima unabeba boksi unakimbilia nini, vijana wa mikokoteni wameisha? Akanifokea." Fortunata alisonya. "Na nani atanunua mche uliovunjika?"

Tangu jana Inspekta alikuwa hajaandika hata herufi. Andika, Eva. Andika wewe, Eva.

"Mimi nitanunua," Evarista alisema. "Nipe na boksi lake."

"Boksi limebonyea."

"Hilo hilo, dada."

Karandinga lilikuwa limeshafika aliporudi. Askari wa kusindikiza alisimama mlangoni akitoboa meno. Beno alikuwa kaunta, mikono imefungwa pingu. Allan alikuwepo, akisubiri karatasi ya kusema kampuni haihusiki. Mangi watatu walikuwa bado kwenye benchi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaambia waondoke.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta Ansbert aliuliza. "Chukua kalamu. Andika kwamba mtuhumiwa amekabidhiwa akiwa mzima."

Evarista aliweka boksi juu ya kaunta. Aliligeuza mpaka kona yenye kijani ikamtazama.

"Nini hicho?"

"Sabuni, afande."

"Nimekutuma sabuni?"

"Hapana, afande. Nimenunua Magomeni. Kibanda cha bluu."

Inspekta alilitazama boksi. Beno aliinua kichwa.

Evarista alimgeukia Allan. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo. "Hiyo rangi unaifahamu?"

Allan alisogea kwa shingo bila kusogeza miguu. "Ni kijani chetu. Hakuna mwingine anayekitumia, tumekisajili." Kisha alitambua kwamba amejibu swali asilopaswa kujibu, akarudisha shingo. "Kwa macho tu lakini. Kampuni haiwezi kuthibitisha."

"Boksi la sabuni ndilo ushahidi?" Inspekta alicheka, akatafuta mtu wa kucheka naye. Askari wa kusindikiza alikuwa ameacha kutoboa meno. "Mjini hapa maboksi mangapi yamebonyea? Eva, jua limekupiga."

"Mwenye duka ameniambia mumewe aliliangusha jana Kariakoo. Akachubuka kiganja cha kulia."

Waliokuwepo wote walitazama mfuko wa suruali ya Inspekta, ule ambao mkono ulikuwa haujatoka tangu asubuhi. Hakuutoa. Aliinama kwenye kaunta mpaka Evarista akanusa mafuta yake ya nywele, akaongea kwa upole, kama anamfundisha mtoto.

"Eva. Mimi ndiye niliyekutoa lindo la getini nikakuleta hapa. Mama yako Songea anakula kwa mshahara huu. Yule mama atapona. Kijana atakaa kidogo Keko, atatoka, hana mke, hana kitu. Ni panzi tu, Eva. Watu wazima wanaharibu maisha yao kwa ajili ya panzi?"

"Mama Celina ameungua mguu mzima, afande."

"Hilo nimelisikia. Sasa sikiliza amri, sitarudia. Mchukue huyo, mpandishe karandinga."

Miaka yote aliyokaa chini ya mtu huyu, Evarista alikuwa hajaijibu amri yake kwa maneno zaidi ya mawili, na yalikuwa yale yale: ndiyo, afande. Beno alikuwa ameshaanza kugeuka kuelekea mlangoni. Alikuwa anajua jibu litakalotoka.

Evarista aliweka kalamu chini.

"Hapana, Mangi."

Kwenye benchi Mangi watatu waliinua vichwa kwa pamoja, wakidhani wanaitwa. Waliona hatazamwi hata mmoja wao.

"Umesemaje?" Inspekta aliuliza.

"Nimesema hapana, Mangi," Evarista alisema, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva nje. "Panda wewe."